Kuhusu Kuruhusiwa kwa Mume Wangu Kabla Pafu Lake Halijakubali

Waithera wa Gitonga,
Milimani, Kitengela.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Hospitali ya Tambarare.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini umeamka salama, tena kwenye kitanda ambacho hakuna mtu aliyekuja kukuuliza utakiacha saa ngapi. Sisi tunaendelea. Ninakuandikia nikiwa kwenye benchi la chuma katika korido yako ya ghorofa ya kwanza, kati ya mashine ya maji ya kunywa isiyotoa maji na machela aliyolazwa mume wangu tangu jana. Kalamu nimeazima kwa askari wa mlangoni, na ameshanikumbusha kwamba ni yake, kwa hiyo nitajaribu kutorefusha.

Mimi ni mke wa Gitonga mwenye buchari pale karibu na soko la Kitengela. Alikohoa mwaka mzima akisema ni vumbi, na kwa kuwa vumbi la Kitengela lipo na kila mtu analiona, tulimwamini. Alipoanza kukohoa damu ndipo alipokubali kupigwa picha. Madaktari wako walimkuta na uvimbe wa maji kwenye pafu la kulia, mkubwa kama chungwa. Walitueleza kwamba unaletwa na mnyoo wa mbwa, na mbwa huupata kwa kula matumbo ya mbuzi na kondoo wagonjwa. Mume wangu amewatupia mbwa matumbo tangu afungue ile buchari. Hapo sina neno. Ugonjwa ulikuwa wetu. Upasuaji ulikuwa wenu, na ulikwenda vizuri. Daktari Ondiek alitoa uvimbe bila kuupasua, akaondoa na kipande cha pafu kilichokuwa kimeoza, akaja kuniambia yeye mwenyewe akiwa bado na kofia ya thieta kichwani. Hata hapo sina neno, ila asante.

Maneno niliyo nayo ni ya baada ya hapo. Nitayapanga kwa nambari, maana Bwana Ndolo, mratibu wako wa vitanda, alinifahamisha kwamba hospitali hii inaendeshwa kwa nambari.

1. Kuhusu ubao.

Pale mlangoni pa wodi ya upasuaji mmetundika ubao unaoonyesha wagonjwa hulala siku ngapi kwa wastani, mwezi baada ya mwezi, na mshale wa kijani unaoteremka. Siku ya kwanza nilidhani mshale ukishuka ni habari mbaya, nikaanza kuwaombea. Bwana Ndolo akanirekebisha. "Hapana mama, hapo ndio tunafurahi. Mgonjwa akikaa siku kidogo, ni kumaanisha tumefanya kazi poa."

Nikamuuliza, je, yule anayekwenda nyumbani kisha anarudi?

"Wanarudi wachache tu, mama."

"Lakini akirudi, mnamhesabu wapi?"

"Akirudi ni mgonjwa mpya."

"Hata kama ni yule yule?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Kwa mashine, mama, ni mpya."

Nakushukuru kwa huo utaratibu, Mkurugenzi. Nimeolewa na huyu mwanamume tangu tulipokuwa tukiishi chumba kimoja Nkoroi, na sikujua kwamba kuna ofisi inayoweza kunipatia mpya. Ila huyu mpya amekuja na kidonda cha yule wa zamani, homa ya yule wa zamani, na hasira zake zote.

2. Kuhusu asubuhi tuliyotolewa.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na chupa yenye maji, na mpira uliotoka katikati ya mbavu zake ukaingia kwenye chupa hiyo. Kila akikohoa, maji yalitoa mapovu. Sista Mulwa alinieleza kwamba mapovu ni hewa inayovuja kutoka kwenye pafu lililoshonwa, na tunangoja yaishe. Nilikaa nikiyatazama yale mapovu kuliko nilivyowahi kutazama televisheni. Siku ya nne asubuhi yalitulia. Mpira ukatolewa. Mchana, kabla hata hajamaliza ndengu zake, Bwana Ndolo akafika na karatasi.

"Mzee, unasikiaje?"

"Niko fiti," mume wangu akasema.

Mheshimiwa, ukitaka kujua hali ya Gitonga, muulize mtu yeyote Kitengela isipokuwa Gitonga. Huyu ni mtu aliyewahi kujikata kidole na shoka la nyama, akakifunga na kipande cha gazeti, akaendelea kumpimia mteja mbavu. Alikuwa akisema "niko fiti" huku ameshika ubavu kwa mikono miwili na jasho linamtiririka puani. Bwana Ndolo hakuona jasho. Alisikia neno "fiti", akaliandika.

Nikauliza kama hatapigwa eksirei nyingine kwanza, kwa vile mpira umetoka saa chache tu zilizopita. Nikaambiwa picha ya jana iko sawa. Nikasema jana mpira ulikuwa ndani. Nikaambiwa kuna mtu yuko thieta na atahitaji hicho kitanda. Nikaomba kuongea na Daktari Ondiek. Nikaambiwa ndiye anayempasua huyo mtu. Kwa hiyo daktari pekee ambaye angeweza kusema mume wangu abaki alikuwa na shughuli ya kumtengeneza mtu wa kumtoa. Nilitafuta kosa kwenye huo mpango nikakosa. Ni mpango uliokamilika.

3. Kuhusu kijitabu cha kwenda nacho nyumbani.

Tulipewa kijitabu cha rangi kinachoeleza namna ya kujitunza. Kimeandikwa Kiingereza kigumu mpaka binti yetu Ciku, ambaye anasomea uhasibu, alilazimika kukisoma mara mbili. Kinashauri mgonjwa atembee kila siku kwenye bustani iliyo karibu. Bustani iliyo karibu nasi ni kiwanja kinachojengwa, na malori ya mawe yanapita hapo tangu alfajiri. Kinashauri tupunguze ngazi. Tunaishi ghorofa ya tatu. Majirani waliweka kiti kila mahali ngazi zinapokunja kona, na Gitonga akapanda kwake kama mtu anayetembelea nyumba za watu, akiketi kwa kila mmoja.

Kwenye jalada kuna picha ya mzee wa kizungu aliyepona, amekaa nje kwenye nyasi, anacheka, amekumbatia mbwa.

Sitaongeza kitu hapo.

4. Kuhusu wodi niliyofunguliwa bila kuulizwa.

Gitonga hakuweza kulala chali, kwa hiyo alikaa kwenye sofa, mito mitatu nyuma yake, na sebule yangu ikawa wodi. Ciku akawa sista. Alijifunza kubadilisha bandeji kwa kutazama video kwenye simu, video ya msichana fulani wa India anayefunga kidonda cha mguu. Tukakadiria kwamba kifua ni hivyo hivyo, ila juu zaidi. Mimi nikawa daktari, mpishi na yule anayesukuma machela. Siku mbili za mwanzo zilipita vizuri. Alikunywa supu. Alipiga simu bucharini kugombeza watu. Nilianza kufikiri labda Bwana Ndolo anajua kazi yake.

Kisha homa ikaanza. Jumamosi baada ya chakula cha mchana Ciku akaniita. "Mathe, hebu kuja uguse hapa."

Shingo ya baba yake ilikuwa imevimba upande wa kulia mpaka shavuni, na nilipoibonyeza kwa kidole, ngozi ikatoa sauti. Sijui nikueleze vipi, Mkurugenzi. Ni ile sauti ya kubonyeza pakiti ya krips. Nimeosha huyu mtu, nimemkanda mgongo, nimemlisha akiwa na malaria, na sijawahi kumgusa akalia kama karatasi. Niliondoa mkono haraka, na nikaona ameniona nikiuondoa.

"Ni nini?" akaniuliza.

"Ni kuvimba tu," nikasema.

Nilipiga simu wodini. Alipokea Bwana Ndolo, maana sista wote walikuwa wanapeana zamu. Nilimwambia kuhusu sauti. "Hiyo ni kawaida baada ya operesheni, mama. Mpe paracetamol, apumzike. Kliniki yake ni wiki ijayo, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo. Akanitakia wikendi njema.

5. Kuhusu ibada ya shukrani.

Hili naliandika kwa taabu kidogo.

Jumapili alasiri, akina mama wa kanisani walikuja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Sikuwa nimewaita. Walikuwa wamesikia kwamba Gitonga ametoka hospitali, na kwa watu wote wenye akili timamu, aliyetoka hospitali amepona. Ndivyo neno hilo lilivyokuwa likitumika kabla hospitali yako haijafunguliwa. Walikuja na ndizi, maziwa, na blanketi jipya lenye simba. Wakajaa sebuleni, wengine wakasimama mpaka jikoni. Mchungaji akasema tunamshukuru Mungu kwa madaktari, na kwa jinsi alivyomrudisha ndugu yetu nyumbani mapema kuliko tulivyotarajia. Wakaitikia amina. Wakaanza kuimba.

Gitonga alikuwa kwenye sofa, katikati yao. Niliona ameinua mkono wa kushoto. Akina mama nao walimwona, na wimbo ukapanda, kwa sababu Gitonga si mtu wa kuinua mikono kanisani, na walidhani Bwana amemgusa. Mmoja akapiga vigelegele. Mwingine akaanza kulia kwa furaha. Mkono ukabaki juu, vidole vimetanuka, na mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungwa kama anaimba nao.

Hakuwa anaimba. Alikuwa ananiita. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya maini.

Nilipiga kelele mara tatu kabla wimbo haujakatika. Nakumbuka walikatika mmoja mmoja, wa mbele kwanza, na wale wa jikoni waliendelea na ubeti wao peke yao mpaka mtu akawanyamazisha. Wanaume wawili majirani wakamweka kwenye kiti, wakashuka naye ngazi zote. Mimi nilifuata nyuma nimebeba slipa zake. Sijui slipa zilikuwa za nini.

6. Kuhusu kurudi kwetu.

Ambulensi iliyo kwenye kijitabu chako haikupokea simu. Aliyetubeba ni Mama Nashipae, jirani yetu anayeuza maziwa kutoka Isinya, kwa pikapu yake yenye harufu ya mikebe. Alimweka Gitonga mbele, akaacha barabara kubwa iliyokuwa imeziba, akashika njia ya vumbi, na njia yote alikuwa akimgombeza. "Gitonga, usifunge macho. Niambie kondoo dume ni ngapi Kajiado siku hizi. Unadanganya. Hiyo ni bei ya mbuzi. Niambie ya kondoo." Mume wangu hakuwa na pumzi ya kujibu. Alijibu kwa vidole. Nilikuwa nimebanwa ubavuni mwake nikihesabu vidole, na kila alipoviinua nilijua bado yuko na sisi.

Pale mapokezi kijana alituuliza kama ni mara yetu ya kwanza kufika Tambarare. Nikamwambia tulitoka hapa Alhamisi. Akaandika kitu, na nilipochungulia, alikuwa ameandika kwamba ni mara ya kwanza. Walau huyo anafuata sheria.

Daktari wa zamu, msichana mdogo ambaye sikupata hata jina lake, hakungoja karatasi. Alimchoma ubavuni pale pale kwenye machela na kuingiza mpira, na hewa ikatoka kwa sauti ambayo kila mtu pale alisikia, kama tairi la lori linapotolewa pumzi. Kisha Gitonga akavuta hewa. Mkurugenzi, sijui kama umewahi kumsikia mtu wako akivuta hewa. Mtu husikia hiyo sauti kila siku bila kuijali. Mimi niliketi sakafuni nikalia mbele ya watu, na Mama Nashipae akasimama juu yangu, mguu mmoja kila upande, ili machela zinazopita zisinikanyage.

Daktari Ondiek alikuja kutoka nyumbani, amevaa shati la kanisani. Alitazama picha, akanieleza kwamba pale pafu liliposhonwa palikuwa pamefunguka, hewa ikawa inavujia ndani ya kifua na kuingia chini ya ngozi, na usaha ulikuwa umeanza. Nikamuuliza ingekuwaje kama tungengoja kliniki ya wiki ijayo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akauliza, si mimi aliyekuwa akiniuliza, "Nani aliruhusu huyu mgonjwa?"

Bwana Ndolo alikuwa hapo. Alikuwa ameshughulika sana na simu yake.

7. Kuhusu ninachoomba.

Sikuandika kulalamika tu. Mimi ni mfanyabiashara na najua mtu huja na pendekezo.

Kwanza, naomba sebule yangu itambuliwe rasmi kuwa tawi la Hospitali ya Tambarare, Kitengela. Kazi tayari tunaifanya. Tutahitaji kibao cha nje na sare mbili, ya Ciku saizi ndogo, yangu kubwa. Pia naomba mtuletee ubao wetu wenyewe wenye mshale. Sisi tunalaza mgonjwa mmoja kwa wakati, kwa hiyo mshale wetu utateremka mpaka uingie jikoni.

Pili, ikiwa afya ya hospitali inapimwa kwa jinsi wagonjwa wanavyotoka upesi, basi sioni kwa nini mtu alale kabisa. Mpasueni getini, kwenye kile kibanda cha askari, akiwa amesimama. Aingie na mke wake kwa mlango mmoja, watoke kwa mwingine, mke ameshika mpira kwa mkono wa kulia na chupa kwa wa kushoto. Wastani wenu utakuwa sifuri. Mtapewa kombe.

Tatu, na hapa nataka unisikilize vizuri, ukitaka kufika chini ya sifuri, muwaruhusu watu kabla hawajaja. Watume akina Ndolo mitaani, Rongai, Tuala, Kimuka na huku kwetu, wapite mlango kwa mlango wakiuliza watu wanasikiaje. Atakayesema yuko fiti, mpeni karatasi yake ya kutoka. Wanaume wote wa Kajiado watakuwa wamepona kufikia Ijumaa.

Nne, na hii ndiyo ninayoitaka kweli, nipate mtu mmoja, awe na cheo chochote, asimame mbele yangu na kusema kwamba mume wangu alitolewa kabla ya wakati wake, na kwamba yeye aliyerudi si mgonjwa mpya. Ni yule yule. Ana jina lile lile na kovu lile lile, na alikuwa karibu kufa akiwa ameinua mkono katikati ya watu wanaomshukuru Mungu kwa ajili yenu. Mtu haondolewi kitandani kwa sababu kitanda kinatakiwa na mwingine. Anaondoka kwa sababu amepona. Sikudhani ni jambo ambalo mwenye buchari na mke wake wangehitaji kumwandikia mkurugenzi wa hospitali.

Kalamu inaitwa, na mwenye kalamu amesimama hapa.

Nisalimie bodi yako yote, pamoja na familia zao. Nisalimie Daktari Ondiek, na yule msichana wa zamu, umtafutie jina lake uniletee. Nisalimie Sista Mulwa. Mpishi wa ndengu pia, kwani hana kosa, ingawa chumvi ni nyingi. Mume wangu anasalimu kwa kichwa, kwa sababu mdomo una mpira wa hewa. Bwana Ndolo nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi nisiyetoka hapa mpaka nijibiwe,

Waithera wa Gitonga.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshatia sahihi, ndipo sista alipopita kunieleza kwamba wodi imejaa, na kama hakuna atakayetoka leo, Gitonga atabaki hapa koridoni kwenye machela, upepo wa mlango ukimpiga kifuani. Nimeingia kuangalia mwenyewe. Kando ya dirisha kuna mzee anaitwa Muteti, aliyepasuliwa pafu juzi. Nimemtazama kwa makini. Amejinyoa ndevu peke yake. Anacheka na simu. Kikohozi anacho, lakini nani hana kikohozi msimu huu. Kwao ni Kimuka, ambako hewa ni safi kuliko hapa, na wana nyumba ya chini isiyo na ngazi, nimeuliza. Naomba aruhusiwe leo mchana. Mkewe ni mtu wa kushika mambo upesi, na Ciku yuko tayari kumwonyesha yale ya bandeji. Ila tafadhali, huyo mke asijue ni mimi niliyekuomba, kwa sababu ameniona niko peke yangu hapa kwenye benchi, akaja na thamosi yake, na sasa hivi tunakunywa chai kwa kikombe kimoja.